Gari Limekwaruzika, Nani Alipe?

Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wana kazi ya pembeni. Wengine wanauza vocha za simu, wengine wanafundisha watoto wa majirani Kifaransa, wengine wanachapa kazi za wenzao kwenye kompyuta. Mimi kila Jumamosi, na siku zote za likizo, ninaosha magari katika lavaji moja hapa Lubumbashi. Huu ni mwaka wa tatu, na karo yangu imetoka humo. Katika kurasa hizi nataka kuzungumzia jambo moja tu la kazi hiyo: mikwaruzo midogo sana juu ya rangi ya gari, ile isiyoonekana kivulini lakini jua likipiga inajitokeza kama utando wa buibui.

Msomaji anaweza kuuliza mada hii inatafuta nini katika jarida la watu wa lugha. Jibu langu ni kwamba mikwaruzo hii inawagharimu vijana malipo yao, na sehemu ya gharama hiyo inatokana na namna tunavyoitaja.

Tuanze na kitu chenyewe. Simama mbele ya gari jeusi lililooshwa, saa nane mchana, utazame mahali jua linapojiakisi juu ya boneti, au kapo kama tunavyosema hapa. Kuzunguka ule mwanga utaona nyuzi nyembamba nyingi, zimejipanga duara ndani ya duara. Sasa sogea hatua moja kando. Duara linakufuata. Sogea tena, linakufuata tena. Kama mikwaruzo ingekuwa imechorwa kwa duara, ingebaki pale pale ilipochorwa. Inakufuata kwa sababu duara liko katika uhusiano wa jua, kapo na jicho lako. Mikwaruzo yenyewe imelala kila upande: mingine imenyooka, mingine imepinda, mingine inakatana. Kila mmoja ni mfereji mdogo, na kingo za mfereji zinarudisha mwanga kwa upande maalumu. Ile iliyokaa kwa kukingama njia ya mwanga ndiyo inayong'aa mbele yako. Iliyobaki ipo, ila haikuonyeshi kitu. Ukikusanya ile inayong'aa kuzunguka nukta moja ya mwanga, jicho linaunda duara.

Wauzaji wa vifaa wanaosema Kifaransa wanaiita kwa jina la utando wa buibui. Kiingereza kimechukua neno la mzunguko, kama maji yanayozunguka yakishuka kwenye tundu. Majina yote mawili yanaeleza kile jicho linachokiona, wala si kile kilichotokea kwenye rangi. Ndiyo maana watu wengi wanaamini kwamba mikwaruzo hii inaletwa na kuosha kwa mzunguko wa mkono, na kwamba ukipitisha kitambaa kwa mstari ulionyooka umeshapona. Mstari ulionyooka unasaidia kidogo, kwa kuwa mikwaruzo ya upande mmoja inaonekana tu mwanga ukitoka upande fulani. Lakini chembe ya mchanga iliyonaswa chini ya kitambaa inakwaruza tu, upitishe kitambaa unavyotaka.

Pale lavaji nimesikia majina matatu. Wengi wanasema mikwaruzo, neno linalotumika pia kwa alama ya msumari au ya tawi la mwembe. Wengine wanasema buchafu, na hawa wanarudia kusugua palepale wakidhani uchafu umekataa kutoka. Kijana mmoja anasema makovu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu linakubali kwamba kitu kimeshapita hapo na kwamba maji hayatakiondoa.

Kovu hilo liko wapi hasa? Magari mengi ya siku hizi yana tabaka kadhaa juu ya bati: la kuzuia kutu, la kusawazisha, la rangi yenyewe, na juu yake vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wetu wanaiita verni. Mikwaruzo ninayoizungumzia imekaa ndani ya verni peke yake, haijafika kwenye rangi. Verni ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kutolea fotokopi ina karibu mikroni 100. Kwa hiyo kinga nzima ya gari, ile inayozuia mionzi ya jua isiunguze rangi na kuifanya ipauke, ni nyembamba kuliko karatasi ya noti zetu za darasani. Namba hiyo ndogo ndiyo inayotawala kila kitu kitakachofuata.

Sasa vumbi. Anayeishi Lubumbashi hahitaji kuelezwa vumbi la miezi ya kiangazi, kuanzia Mei, mvua inapokuwa imekatika na malori ya madini yanaposhuka kuelekea Kasumbalesa. Ni jekundu kwa sababu ya chuma kilichooza ndani ya udongo wetu. Lakini wekundu haukwaruzi. Kinachokwaruza ni punje za kwatzi zilizomo, yaani mchanga wa kweli, ambao ni mgumu kuliko kioo cha dirisha na mgumu mara nyingi kuliko verni. Vumbi likikaa tu juu ya gari halifanyi kitu. Halina uzito wa kutosha. Linapata nguvu pale mkono unapolisukuma.

Na hapa ndipo orodha ya mikono inapoanza. Asubuhi mwenye gari anapangusa kapo kwa kitambaa kikavu ili asifike kazini na gari la vumbi. Mchana, kwenye maegesho, mtoto wa miaka kumi anakimbilia kioo na mlango na kipande cha fulana ya zamani, akitumaini kupewa mia mbili, mia tano. Dereva anayemngoja bosi wake anapita na brashi ya manyoya mara tatu kwa siku kwa sababu hana kazi nyingine ya kufanya. Jumamosi gari linafika kwetu, na kama tuna ndoo moja tu, sponji inachukua mchanga wa bampa, inautia ndooni, kisha inautoa ndooni na kuupeleka juu ya paa. Jumapili mwenye gari anawafunika watoto kwa turubai kwa ajili ya safari ya kanisani, na lile turubai likishaondolewa kwenye kiti linatupwa juu ya buti la gari.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayetaka kuharibu. Wote wanataka gari liwe safi. Hilo ndilo lililonishangaza nilipoanza kuelewa kazi hii: sehemu kubwa ya mikwaruzo midogo inatoka katika kulitunza gari. Gari lililoachwa miezi sita chini ya mti lina kinyesi cha ndege na majani yaliyooza, lakini haliongezi utando wa buibui. Linalopanguswa kila asubuhi ndilo lenye utando mwingi zaidi, na hasa likiwa jeusi, maana weusi hauna pa kuficha. Gari jeupe linaumia vilevile, ila halisemi.

Ukijua hivyo, utaelewa kilichotokea Agosti ya mwaka uliopita. Mteja alileta jipu nyeusi iliyokuwa imetoka safari ya Kolwezi, imejaa vumbi hadi usijue rangi yake. Kijana aliyeiosha ni mdogo wangu wa kazini, ana miaka kumi na tisa, hajamaliza sekondari. Aliiosha vizuri, nilikuwa gari la pili kutoka kwake. Mteja aliondoka ameridhika. Kesho yake saa sita alirudi, akaegesha juani, akaita patroni na kumwonyesha kapo.

"Bantu yako bamekwaruza motokari yangu."

Kijana alijibu neno moja tu: "Papa, miye nilioshaka tu."

Patroni aliandika katika daftari lake, kwa Kifaransa, kwamba gari lilikwaruzwa na mwoshaji. Kijana alikatwa malipo ya wiki mbili. Kwa mtu anayelipwa kwa gari, wiki mbili ni kodi ya chumba.

Niliomba ruhusa nilitazame lile gari kabla mteja hajaondoka. Nilitumia tochi ya simu. Mikwaruzo ilikuwa juu ya kapo, sawa, lakini ilikuwa pia ndani ya kile kishimo kilicho nyuma ya mshikio wa mlango, mahali ambapo kucha za watu zinapita kila wanapofungua na ambapo sponji yetu haiingii. Ilikuwa mingi zaidi upande wa dereva kuliko upande wa pili, jambo ambalo kuosha kwa siku moja hakuwezi kulieleza. Kilichotokea ni rahisi: vumbi lilikuwa limeyafunika makovu ya miaka, na kuosha kukayafunua. Aliyeosha mwisho ndiye aliyeonekana mwenye kosa, kwa sababu alikuwa wa mwisho kugusa.

Siku hizo tulikuwa tunasoma viambishi vya unyambulishaji. Nilikuwa na daftari la darasani ndani ya mkoba huohuo niliokuwa nimetia nguo za kazi. Tulikuwa tumeandika kwamba kitenzi kimoja kinaweza kukaa katika kauli mbalimbali. Kukwaruza kunataka mtendaji: fulani amekwaruza. Kukwaruzwa kunaweza kumficha, lakini kunamwachia nafasi: gari limekwaruzwa, na msikilizaji anauliza na nani. Kukwaruzika kunaeleza hali: gari limekwaruzika, na hapo huwezi kuongeza "na mwoshaji". Sarufi inakataa.

Mteja alitumia kauli ya kwanza. Patroni, kwa lugha nyingine, alitumia ya pili na akajaza nafasi iliyoachwa wazi. Kijana hakupata ya tatu, ambayo peke yake ndiyo iliyokuwa ya kweli kwa kile tulichokiona kwenye kapo: gari limekwaruzika. Makovu mia moja, mikono kumi, miaka minne. Hakuna mtendaji mmoja wa kutia baada ya "na".

Sisemi kauli ya kutendeka ni malaika. Kila mama anaijua hila ya mtoto anayesema "sahani imevunjika". Na kuna waoshaji wanaosema "limekwaruzika" ilhali kitambaa chao kimeanguka mchangani mbele ya macho yangu na wamekiokota na kuendelea. Ndiyo maana swali haliwezi kumalizwa na sarufi peke yake. Lazima kujua mikwaruzo inaingiaje, inatokaje, na nani aliona nini kabla maji hayajamwagwa.

Inatokaje? Karibu na lavaji yetu kuna garaji ndogo ya fundi wa rangi, mzee ambaye sote tunamwita Papa tu. Tangu siku ile nilianza kupita kwake jioni. Alinipa sentensi ambayo nimeibeba hadi darasani:

"Mukwaruzo hautoke. Njo verni ya pembeni unatosha."

Kwa msomaji aliyezoea Kiswahili cha vitabu, kutosha hapa si kuwa cha kutosha. Ni kutoa, kuondoa. Papa anasema kwamba mfereji hauondolewi, kwa kuwa mfereji ni pengo, na pengo huwezi kulishika. Unachofanya ni kuishusha verni yote inayouzunguka mpaka ifikie chini ya mfereji. Kila kung'arisha ni kupunguza. Mashine ikipita vizuri inachukua mikroni moja, mbili, pengine zaidi kidogo. Kwenye verni ya mikroni 40, si kazi ya kurudiwa kila Pasaka na Krismasi. Verni ikishakwisha, rangi inapauka na kuchubuka, na hapo dawa pekee ni kupaka upya.

Kwa hiyo Papa anaanza na kidole. Anapitisha ukucha kwa kukingama mkwaruzo. Ukucha ukinasa, ameacha: kina hicho ni kikubwa, kukifikia ni kula verni yote. Ukucha ukiteleza, kazi inawezekana. Gari linaoshwa kwanza, kisha anapitisha bonge la udongo laini wa kiwandani na maji ya sabuni, ili kunyofoa chembe za chuma na lami zilizoganda, kwa sababu zikibaki mashine itazizungusha juu ya rangi. Anabandika utepe wa karatasi kwenye kingo na plastiki. Kwenye kingo verni huwa nyembamba zaidi na joto la mashine hukusanyika hapo.

Halafu anachagua eneo dogo, kama nusu mita kwa nusu mita, na kujaribu dawa laini kuliko zote na sponji laini kuliko zote. Ikitosha, hatumii kali zaidi. Vijana wengi wa mjini wanafanya kinyume: wanaanza na dawa kali kwa kuwa inaonyesha matokeo upesi. Ile mashine inayozunguka kwa nguvu mahali pamoja inakata haraka, lakini mkono usiojua unaacha mawimbi ya mwanga yanayotembea na jua, ambayo mafundi wanayaita hologramu, na hayo ni mikwaruzo mipya iliyopangwa vizuri. Mashine inayozunguka huku ikiyumba ni polepole zaidi na inasamehe. Dawa ya meno, ambayo watu wanashauriana kwenye simu, nayo ina chembe za kusugulia, lakini hujui ukubwa wake wala inaishia wapi.

Akimaliza eneo lile, Papa analipangusa kwa spiriti iliyotiwa maji. Hatua hii ndiyo inayotenganisha fundi na mwigizaji. Dawa nyingi za kung'arisha zina mafuta, na mafuta yanajaza mifereji. Mfereji uliojaa haurudishi mwanga, basi jicho linasema mkwaruzo umekwisha. Spiriti inaondoa mafuta na kuonyesha ukweli. Kuna watu mjini wanaouza kazi bila hatua hiyo. Gari linang'aa siku ya malipo, linaoshwa mara tatu kwa sabuni ya unga, na utando unarudi. Na unaporudi, nani anashtakiwa? Aliyeosha.

Hapa pia kuna tatizo la neno. Kwetu "polishi" ni dawa ya viatu, ni nta ya gari, ni dawa yenye chembe za kukwangua, na ni ile ya kuziba tu. Mteja anasema "munipigie polishi" na kila muuzaji anatafsiri anavyotaka. Vijana wa lavaji, bila kusoma kitabu chochote cha istilahi, walitenganisha wenyewe: kuna dawa ya kula na kuna dawa ya kufunika. Ya kula inapunguza verni na makovu yanaisha kweli. Ya kufunika inaficha, na ina faida yake, kwa sababu nta nzuri inalinda rangi kwa wiki kadhaa na kufanya vumbi lisigande. Hata lile tabaka la kauri linalosifiwa sana, ambalo linadumu kwa miaka, ni la kufunika. Linafanya uoshaji uwe rahisi, ila si bati la kuzuia mchanga. Zote mbili ni halali. Kosa ni kuuza ya kufunika kwa bei ya ile ya kula.

Kama kila kung'arisha ni kupunguza, basi kazi ya akili ni kuzuia. Niliamua kuandika karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani, kwa kuwa chupa zote tunazotumia zina maandishi ya Kiingereza au Kichina na vijana wetu hawasomi hata mojawapo. Rasimu ya kwanza niliandika kama insha ya mtihani. Ilianza: "Epuka kupitisha kitambaa kikavu juu ya uso wa gari lenye vumbi." Walisoma, wakaenda kupangusa taa na kioo cha mbele kwa uangalifu mkubwa. Kwao uso wa gari ni mbele yake, palipo na macho. Walikuwa na haki. Nikaandika upya, nikiwauliza kila sentensi, na karatasi iliyobaki ukutani inasema hivi kwa ufupi.

Kabla ya maji, zunguka gari pamoja na mwenyewe, na tochi. Mwaga maji mengi kwanza, kutoka paa kwenda chini, mkono usiguse vumbi kavu. Ndoo ni mbili: moja ya sabuni, moja ya maji matupu. Kitambaa kikitoka kwenye gari kinaingia kwanza kwenye maji matupu, kinakamuliwa, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Anza paa, malizia chini ya milango na bampa, maana mchanga mwingi uko chini. Magurudumu yana ndoo yake na kitambaa chake. Kitambaa kikianguka, hakirudi kwenye gari siku hiyo. Osha kivulini. Kukausha ni kulaza kitambaa na kukinyanyua, si kusugua.

Juu ya vitambaa niliongeza maelezo kwa mdomo. Kitambaa cha mikrofiba kina nyuzi nyembamba kuliko hariri, na kati ya nyuzi hizo chembe ya vumbi inazama badala ya kusukumwa juu ya verni. Lakini kinafuliwa peke yake, mbali na pamba inayotoa manyoya, na bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo inaziba nyuzi. Kikishakuwa kigumu kama kadibodi, kazi yake sasa ni magurudumu.

Patroni alisoma karatasi akauliza swali la haki kabisa: "Ndoo ya pili, maji yake nani analipa?" Mtaani kwetu maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na tunanunua ya kisima kwa pipa. Gari linaloshwa kwa ndoo mbili linachukua pia dakika kumi zaidi, na vijana wanalipwa kwa gari. Mtu anayehesabu magari manane kwa siku hawezi kuambiwa aoshe sita kwa ajili ya mikroni. Hapa sarufi haikunisaidia kitu. Tulikubaliana tuanze na sentensi ya kwanza, ile ya kuzunguka gari, kwa sababu haihitaji maji na kwa sababu patroni mwenyewe alikuwa amechoka kupoteza wateja kwa ugomvi. Ndoo ya pili ilikuja miezi miwili baadaye, kwa magari meusi tu, na mwenye gari anaongeza kidogo. Wanaongeza. Ukimwonyesha mtu makovu kwa tochi, kisha ukamweleza bei ya mashine ya Papa, haoni uchungu kulipia ndoo.

Katika daftari la patroni sasa kuna safu mpya. Nilipendekeza iitwe "hali ya gari lilipofika", na humo tunaandika: limekwaruzika kapo, limekwaruzika mlango wa kushoto. Kauli ya kutendeka imepata kazi ya mshahara. Na mwoshaji akiangusha kitambaa na kuendelea, mwenzake anaruhusiwa kuandika kauli ya kwanza, kwa jina. Imetokea mara moja, na aliyeandikwa hakubisha.

Wenzangu wa kitivo, na walimu wetu pia, nina ombi. Tunatumia saa nyingi kubuni istilahi tukiwa tumekaa, halafu tunashangaa hazitumiki. Katika jiji hili Kiswahili cha kazi kimeandikwa tangu zamani: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa habari za jiji hili na za waliotumika humo kama maboyi, ingawa kichwa cha kitabu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ni cha Kifaransa. Hakungoja lugha isafishwe kwanza. Leo kuna garaji, viwanda vya kuchomelea, saluni na maabara za simu zenye maneno yao, na katika mengi ya maneno hayo kuna malipo ya mtu. Twende wawili wawili, tusikilize, tuandike, tuwarudishie karatasi wakosoe. Nina hakika watatufundisha kuhusu "uso" na "kutosha" zaidi ya tulivyotarajia.

Kijana yule hakurudishiwa malipo yake ya wiki mbili. Nimeyataja mara tatu kwa patroni na nitayataja tena. Lakini siku hizi yeye ndiye anayetangulia kuzunguka gari na mwenyewe, tochi ya simu mkononi, na akifika kwenye kapo anasimama, anamulika, anasema kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: "Papa, angalia vizuri. Hii ilikuwaka tayari." Kisha anangoja mteja aseme ndiyo, ndipo anafungua maji.